Majina ya Wanawake wa Narung'ombe

Wanafunzi wetu wa hadithi za Wayunani hujua kuwapambanua akina Elektra watatu. Mmoja ni binti Agamemnon, aliyemlilia babaye. Wa pili ni binti Atlas, mamaye Dardanos. Wa tatu ni binti Okeanos, aliyemzaa Iris. Hata Kreousa wa Athens hachanganywi na Kreousa wa Troia, mkewe Aineias. Kazi hii ni njema, wala siilaumu. Ninalolilaumu ni kwamba mwanafunzi yuyo huyo, asomapo habari za vita vya Narung'ombe, huridhika wanawake wote waitwe kwa jina moja tu: bibi.

Vita vile vilipiganwa tarehe 19 Julai 1917. Vitabu vyatutajia Beves kwa upande wa Waingereza na von Liebermann kwa upande wa Wajerumani. Lakini jeshi la Wajerumani halikwenda peke yake. Wake za askari waliandamana nalo mwaka hata mwaka, wakichukua mizigo, wakitafuta maji na kuni, wakipika, wakijifungua njiani na kuondoka tena na watoto migongoni. Ni nani hao? Mabibi, twajibiwa, kana kwamba hilo ni jibu. Bibi ni neno la heshima likifuatwa na jina. Likiachwa pweke huwa ushungi wa kumfunikia mtu uso.

Yasemwa kuwa majina yao hayakuandikwa, basi yamepotea. Hoja hii ni ya uvivu. Elektra naye alisimuliwa vinywani kabla ya kuandikwa. Tena Wayunani waliwatenga wanawake wao kwa majina ya baba, na mtafiti ajaye Ruangwa au Nachingwea na swali hilo hilo, "Binti nani?", huenda akaondoka mikono mitupu akidai kuwa wazee wamesahau. Wamwera huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Na aulize mamaye nani, na mama wa mamaye. Waliotoka mbali pamoja na waume zao, Unyamwezi au Manyema, na waulizwe huko kwao.

Jeshi lile liliposalimu amri Abercorn, mji uitwao leo Mbala, Novemba 1918, askari walihesabiwa wakawa 1,168. Wake zao hatukuachiwa hata orodha ya majina. Watoto waliobebwa migongoni siku zile wamekwisha kufa. Wajukuu wangaliko, nao ni wazee.