Mkopo Ndio Unaokula, Si Gari Kuukuu

Mjini Kitengela, mtu akionekana gereji mara mbili kwa mwezi na gari la namba ya KA au KB, ushauri humjia bila kuuomba: uza hilo gari kabla halijakumaliza. Hutolewa na fundi mwenyewe, na shemeji, na jirani wa ploti, na wote huutoa kwa nia njema. Mwenye Toyota Corolla 110 au Nissan B15 akitumia Sh70,000 kutengeneza giaboksi, ilhali gari zima sokoni halizidi Sh250,000, huchekwa kana kwamba amezitupa pesa mtoni. Imani hii imeenea kiasi kwamba hakuna anayeihoji: gari kuukuu hula pesa, na mwerevu huliondoa mapema akachukua lenye namba mpya, hata ikibidi kukopa. Nasema imani hii ni hesabu mbovu. Inawagharimu watu wa kipato cha wastani kuanzia Kitengela hadi Isinya na Kajiado fedha ambazo zingesomesha watoto na kumalizia nyumba.

Kosa lenyewe ni kulinganisha gharama ya matengenezo na bei ya gari sokoni. Bei ya sokoni inamhusu anayeuza. Asiyeuza anapaswa kujiuliza swali jingine: nisipolitengeneza hili, kazi linayonifanyia itafanywa na nini, na kwa shilingi ngapi? Tuchukue mfano wa mtu anayeishi Kitengela na kufanya kazi Nairobi, anayeendesha kilomita 1,500 kwa mwezi. Akiuza gari lake kwa Sh250,000, akaongeza mkopo wa Sh1 milioni wa miaka minne kwa riba ya asilimia 15, atalipa karibu Sh27,800 kila mwezi, jumla zaidi ya Sh1.33 milioni. Mkopeshaji atataka jina lake liwemo kwenye logbuku na gari likatiwe bima kamili. Tuseme Sh50,000 kwa mwaka. Ongeza Sh4,000 kwa mwezi za oili, filta na tairi, maana hata gari jipya halitembei kwa baraka. Baada ya miaka minne, tumpe bahati aliuze kwa Sh700,000. Akitoa hizo, na akizihesabu zile Sh250,000 alizotanguliza, atakuwa ametumia takribani Sh1.28 milioni.

Sasa tumhesabie aliyebaki na lake, tena bila kumpendelea. Tumtengee Sh12,000 kila mwezi za matengenezo, mwaka nenda mwaka rudi. Tuseme gari lake linakwenda kilomita 12 kwa lita huku lile jipya likienda 15, hivyo anachoma lita 25 zaidi kwa mwezi. Petroli ikiwa Sh180 kwa lita, hizo ni Sh4,500. Bima ya thadi pati ya Sh7,000 kwa mwaka. Na tuseme gari lishuke kutoka Sh250,000 hadi Sh100,000. Yote hayo kwa miaka minne ni Sh970,000. Anayesemekana kuliwa na gari amebaki na zaidi ya Sh300,000 kuliko mwerevu aliyekopa. Kila mmoja anaweza kubadilisha tarakimu hizi kulingana na hali yake, lakini lazima azijaze pande zote mbili. Wengi hujaza upande mmoja tu, ule wa fundi, kwa kuwa fundi hudai pesa mkononi, ilhali awamu za mkopo hukatwa kimyakimya kabla mshahara haujaonekana.

Sababu ya pengo hilo si siri. Sehemu kubwa ya bei ya gari linaloteremshwa Mombasa ni kodi. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha ni asilimia 35, juu yake kuna ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, kisha VAT ya asilimia 16, na tozo nyingine ndogondogo. Pesa hizo hazimfanyi dereva aende mbali zaidi wala breki zishike vizuri zaidi. Mnunuzi wa kwanza wa Kenya huzilipa, na gari likianza kubadilisha mikono thamani hiyo huyeyuka haraka. Gari kuukuu limekwisha kulipiwa yote hayo na mtu mwingine, na yule aliyelikuta katika bei ya chini hana kikubwa tena cha kupoteza. Hata likiibwa au kupondeka, hasara yake ina kikomo. Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao, na hapa msala wenyewe unapita na riba.

Halafu kuna ibada ya namba. Herufi za mfululizo wa sasa zilianza na KAA mwaka 1989, zikafika KBA mwaka 2007, KCA mwaka 2014 na KDA mwaka 2020, na Wakenya huzisoma kama cheti cha kuzaliwa. Kumbe namba hueleza ni lini gari lilisajiliwa Kenya, wala si lini liliundwa. Kiwango cha ubora wa bidhaa, KS 1515, kinaruhusu kuingizwa kwa magari yasiyozidi miaka minane, na waagizaji wengi huchukua yaliyokaribia ukingo huo kwa kuwa ndiyo nafuu. Kwa hiyo gari lililoundwa 2013 na kununuliwa jipya hapa nchini linabeba namba ya KB, na pacha wake aliyeletwa kutoka Japani mwishoni mwa 2020 anabeba KD. Wa kwanza atauzwa kwa bei ya kusikitisha na wa pili ataombewa mkopo. Tena yule wa pili historia yake iko ng'ambo ya bahari, kwa lugha ambayo mnunuzi haisomi, na mita yake ya kilomita huenda ilirudishwa nyuma njiani. Huko Japani gari la binafsi hupimwa linapofikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama ya upimaji huo huwasukuma wenyeji kuyaacha magari mapema. Tunachokiita gari jipya ni gari ambalo Mjapani alifanya nalo kilekile tunachoambiwa tufanye na yetu: aliliondoa.

Mazingira ya Kajiado nayo yanazidi kuidhoofisha imani hii. Ukitoka kwenye Barabara ya Namanga ukaingia mitaani, lami huisha upesi. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hunata kwenye tairi hadi gari likaserereka. Jua likiwaka, barabara hubaki na makorongo magumu yanayovunja bushi na shoki bila kuuliza namba. Gari la hapa hubeba mitungi ya maji, mifuko ya simiti, nyasi za ng'ombe, na siku ya soko viti vya nyuma vya Probox hulazwa mbuzi wakapakiwa. Kwa kazi ya namna hiyo, ubora ni urahisi wa kutengenezwa. Injini ya Corolla 110 kila fundi wa jua kali anaijua, na spea zake zimejaa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, za mtumba na za dukani. Lile jipya lenye vihisi na kompyuta likiwasha taa ya onyo ukiwa Isinya, fundi hana la kufanya mpaka lichomekwe mashine ya kusoma kasoro, na pengine livutwe hadi Nairobi. Sikatai kwamba spea bandia zimejaa, ila hizo huuzwa kwa wenye magari ya kila umri.

Wapo watakaosema kwamba matengenezo hayatabiriki, na kwamba afadhali awamu inayojulikana kuliko fundi anayeshtukiza. Hoja hii ina uzito, maana Sh40,000 za ghafla mwezi wa kufungua shule zinaweza kuivuruga nyumba. Lakini dawa yake ni daftari na akiba, kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Anayeweza kulipa Sh27,800 kila mwezi kwa mkopeshaji anaweza kuweka Sh12,000 kwenye chama au Sacco, na mwezi ambao gari halikudai kitu pesa hizo hubaki zake. Mkopo hauna mwezi wa kupumua. Mshahara ukichelewa, fundi husubiri na gari likaegeshwa nyumbani. Mkopeshaji hatumi salamu, hutuma dalali. Mfugaji wa Isinya anaelewa hili haraka: awamu moja ni mbuzi wawili au watatu, kila mwezi, ukame uwepo usiwepo.

Hoja nzito zaidi ni ya usalama na moshi, na hapo sitetei uzee kwa jumla. Gari lisilo na mifuko ya hewa halimlindi abiria kama lililo nayo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao yake Gigiri, lilieleza mwaka 2020 kwamba magari madogo ya mtumba yapatayo milioni 14 yaliuzwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, Afrika ikipokea fungu kubwa kuliko bara lolote, na mengi yakiwa machafu na ya hatari. Lakini hoja hiyo inahukumu hali ya gari na inagusa hata yale ya namba mpya. Kinachofaa kupimwa ni breki, stiringi, tairi, taa na moshi. Fundi mwaminifu huinua gurudumu la mbele, akalishika juu na chini akalitikisa, kisha kushoto na kulia. Likicheza, anashuku beringi, bolijointi au viungo vya stiringi. Hulala chini ya gari akagonga chesi kwa bisibisi kutafuta kutu. Hufungua kifuniko cha oili injini ikiwa baridi. Akikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, anashuku maji yamevujia kwenye oili, pengine kupitia hedi gasketi. Chesi ikiliwa na kutu hadi bisibisi ikazama, hapo hakuna mjadala: gari hilo limekwisha. Upimaji kama huo unaweza kuliondoa gari la miaka 12 na kuliruhusu la miaka 22.

Serikali yenyewe imewahi kuingia katika mkumbo wa kumbana mwenye gari duni. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani, isiyopungua Sh5,000 wala kuzidi Sh100,000. Piga hesabu: gari la Sh100,000 lingelipa asilimia 5 ya thamani yake, na la Sh10 milioni lingelipa asilimia 1. Pendekezo hilo liliondolewa Juni 2024 baada ya kupingwa vikali, lakini fikra iliyolizaa, kwamba mwenye gari kuukuu ana pesa za kuchezea, bado haijaondolewa.

Imani hii huharibu hata namna ya kuachana na gari. Aliyeaminishwa kwamba gari linamla huliuza kwa pupa: huficha kasoro, hukubali bei ya dalali, na hutoa funguo bila kuhamisha umiliki. Sheria ya Trafiki inasema kwamba aliyeandikwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kwamba gari lililouzwa lisitumiwe barabarani zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajasajiliwa. Gari likigonga mtu Bissil au likitumika katika wizi, polisi wataanzia kwa jina lililo kwenye sajili ya magari ya NTSA, si kwa dalali. Anayeuza kwa utulivu humwonyesha mnunuzi risiti za fundi, humweleza kinachovuja, na hukamilisha uhamisho kwenye mtandao wa serikali wa eCitizen kabla ya kutoa funguo. Na gari lililokwisha kabisa lisiuzwe kwa maskini mwingine kwa jina la gari. Livunjwe: injini na milango vina wanunuzi, mabaki yaende kwa wenye leseni ya vyuma chakavu, ambavyo viwanda vya Athi River huviyeyusha kuwa vyuma vya ujenzi, na usajili wake ufutwe.

Kwa hiyo yeyote anayeshauriwa auze afanye mambo mawili kwanza. Alipeleke gari kwa fundi asiye na haja ya kulinunua, apimiwe chesi, breki na injini. Kisha aandike gharama ya kubaki nalo na gharama ya kulibadilisha kwa miaka minne, safu mbili katika ukurasa mmoja. Kipimo kikisema ni hatari, aliache hata kama analipenda. Kikisema ni zima na safu ya kubadilisha ikiwa ndefu zaidi, alipe fundi, aendeshe, na aache kuomba radhi kwa ajili ya namba yake.