Chura wa Kihansi na Maji Yake

Watu wa Janga wanaufahamu vema Mto Ruvu. Karibu nao, huko Mlandizi, maji yake huvutwa kwa mitambo, yakasafishwa, yakapelekwa Dar es Salaam kwa mabomba, watu wa mjini wapate kunywa. Hapana mwenye akili asemaye kwamba jambo hili ni baya. Walakini mto si maji tu. Ndani yake mna samaki, na kandokando yake mna vyura na kobe, nao hawaitwi shaurini maji yao yanapogawanywa. Habari za mto mwingine, Kihansi, zaonyesha hasara ipatikanayo viumbe hao wasipoangaliwa mapema.

Kihansi hushuka katika milima ya Udzungwa kwa maporomoko makubwa. Zamani maji yalipopiga miamba yalirusha manyunyu mchana na usiku, na katika manyunyu hayo aliishi chura wa rangi ya manjano, asiyefika urefu wa sentimita 3. Vyura wengi hutaga mayai. Huyu huzaa watoto walio kamili, kila mmoja na miguu yake. Makao yake yote duniani yalikuwa kama hekta 2 tu za majani mabichi korongoni. Wako wakulima wenye mashamba makubwa kuliko hapo.

Wataalamu walimwona mara ya kwanza mwaka 1996, kazi ya kujenga bwawa la umeme ikiwa imekwisha kuanza. Mwaka 2000 karibu maji yote yaligeuzwa, yakapitishwa chini ya ardhi kwenda kwenye mitambo ya megawati 180. Manyunyu yakakoma. Ndipo watu walipohangaika. Vyura 499 wakachukuliwa kwa ndege hata Marekani, wakatunzwa katika bustani za wanyama; na korongoni yakawekwa mabomba ya kunyunyiza maji. Kwa muda vyura waliobaki wakaongezeka. Kisha mwaka 2003 wakafa upesi upesi, na kuvu yenye kuua vyura ikaonekana katika miili yao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena hata mmoja.

Wako wasemao, "Chura ni nini mbele ya umeme?" Neno hili si la kuchekwa. Mama ajifunguaye usiku ahitaji taa, na nchi isiyo tajiri haiwezi kuacha nguvu ya maji ipotee bure kwa ajili ya mnyama asiyeliwa wala kufugwa. Lakini hapakuwa na haja ya kuchagua chura au taa. Kosa lilikuwa katika utaratibu wa kazi: bwawa lilianza kujengwa, korongo likachunguzwa baadaye, maji yaligeuzwa, mabomba yakawekwa baadaye. Kama uchunguzi ungalitangulia, mabomba yangalikuwa tayari siku ile ya kwanza, tena kwa gharama ndogo kuliko kuwalea vyura ng'ambo ya bahari miaka kumi. Ndivyo ipasavyo kufanywa hata Ruvu, kila mara maji yake yatakapotakiwa zaidi.

Ng'ombe wa mtu wakifa, hununua wengine kwa jirani. Chura wa Kihansi hakuwa na jirani. Kama si wale 499, angalitoweka kabisa. Na hao nao walipungua huko ugenini, wakabaki wachache sana, kabla hawajaanza kuongezeka.

Agosti 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania, wakawekwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wa kwanza wakaachwa huru korongoni. Walikuwa wamezaliwa katika masanduku ya kioo, wakalishwa kwa mikono ya watu. Hapana hata mmoja wao aliyepata kuusikia mshindo wa maporomoko. Na manyunyu yaliyowapokea pale yalitoka katika mabomba.