Mkono Usioonekana katika Sahani ya Santuri

Sahani ya santuri inapopigwa nyumbani, jina litajwalo ni la mwimbaji. Mtayarishaji, aliyezichambua nyimbo na kupanga ala, aghalabu husahauliwa.

Mwaka 1962 vijana wanne wa Liverpool, The Beatles, walikuwa wamekwisha kukataliwa na kampuni ya Decca. Aliyewapokea ni George Martin wa EMI, mpiga oboe aliyesomea muziki mjini London. Walimletea wimbo wa Please Please Me ukienda polepole. Akawashauri wauharakishe, nao ukawafungulia mlango wa umaarufu. Mwaka 1965 alimshauri Paul McCartney atie fidla mbili, viola na selo katika Yesterday. Kijana alisitasita, kisha akakubali. Mwaka 1966 Martin na fundi wake wa mitambo waliunganisha vipande viwili vya Strawberry Fields Forever, vilivyotofautiana kwa mwendo na kwa kimo cha sauti, hata msikilizaji asidhani kuwa pana kiungo.

Hata hivyo, sahani hizo zilipouzwa kwa mamilioni, yeye alilipwa mshahara tu, pasipo fungu lolote la mauzo. Ndipo mwaka 1965 alipojiuzulu, akaanzisha na wenzake kampuni yao, AIR. Aliaga dunia mwaka 2016.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Basi, mwenye kulishika jalada la santuri na ayasome pia maandishi yake madogo.