Eti ni ya Watoto!

Mashine mpya ya gemu ikitangazwa Japani au Marekani, hukumu yake hufika Machakos mjini kabla kontena halijashushwa Mombasa. Ikiwa ni ya Sony, ni moto wa kuotea mbali. Ikiwa ni ya Nintendo, ile ya mseto unayoipachika kwenye runinga ukiwa nyumbani kisha ukaichomoa na kuondoka nayo, utajibiwa kwa sauti ya kumhurumia mgeni: "Anko, hiyo ni ya watoto. Haina nguvu."

Nilisikia hivyo Nintendo Switch ilipotoka mwaka 2017. Nikasikia tena Switch 2 ilipotangazwa Januari 2025, neno kwa neno, na mara zote mbili wasemaji walikuwa hawajaishika mashine yenyewe mkononi. Walikuwa wakikariri mahubiri ya vijana wa YouTube wa Los Angeles na London, watu wenye runinga ya 4K chumbani, intaneti isiyokwisha bando na stima isiyojua kupotea. Kiini cha mahubiri hayo ni kwamba mashine bora ni ile yenye misuli kuliko zote. Haijawahi kuwa kweli hata huko ilikozaliwa, na hapa kwetu kila banda la gemu huikanusha kila jioni, mlango ukiwa wazi.

Nianze na PS2, maana vijana wenyewe huiapia. Ndiyo iliyotulea. Ndiyo iliyojaza mabanda, ikatufundisha gemu ya mpira ya PES, ikatugombanisha na wazazi. Sasa niambieni: PS2 ilikuwa na nguvu kuliko nani? Ilitoka mwaka 2000. Mwaka mmoja baadaye Microsoft ikaleta Xbox na Nintendo ikaleta GameCube, zote mbili zikiwa na misuli zaidi yake. GameCube iliishia kuuza chini ya milioni 22. PS2 ilifika milioni 160, na bado ilikuwa ikitolewa FIFA 14 mwaka 2013, mwaka ule ule PS4 ilipoanza kuuzwa. Mfalme mnayemwimbia sifa ndiye aliyekuwa mnyonge kati ya hao watatu. Alishinda kwa sababu nyingine kabisa: alicheza DVD, alikuwa na gemu za kila aina, alivumilia vumbi, na CD zake zilipatikana kila kona.

Ukirudi nyuma zaidi aibu inaongezeka. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa Game Boy, yenye skrini ya rangi ya maji ya mfereji, isiyo na taa. Mwaka uliofuata Sega ikaitolea mpinzani, Game Gear, yenye rangi zote na mwanga wake yenyewe. Ukiziweka kaunta moja, hakuna mtoto angeiangalia Game Boy mara ya pili. Lakini Game Gear ilimeza betri sita kwa saa tatu hadi tano, na mzazi ndiye anayenunua betri. Game Boy ilitumia nne tu na kudumu nazo saa kumi na zaidi. Ukijumlisha na toleo la rangi lililofuata, ziliuzwa zaidi ya milioni 118; Game Gear haikufika hata milioni 12. Gunpei Yokoi, mhandisi aliyekuwa nyuma ya Game Boy, alikuwa na kanuni moja: chukua teknolojia iliyokwisha zeeka, iliyo rahisi na inayojulikana vizuri, halafu itafutie kazi ambayo hakuna aliyeifikiria. Fundi yeyote wa elektroniki wa barabara ya Luthuli, Nairobi, angeelewana naye bila mkalimani.

Ya Wii na PS Vita sitayachambua. Wii ya 2006, dhaifu kuliko PS3, iliuza zaidi ya milioni 100 na kuiacha nyuma. Vita ya Sony, yenye skrini ya kupendeza na nguvu kuliko mashine yoyote ya mkononi ya wakati wake, ilizikwa kimyakimya mwaka 2019.

Basi tarehe 20 Oktoba 2016 Nintendo ikatoa filamu fupi, dakika tatu na ushei, kuitangaza Switch. Kampuni ilikuwa hoi. Wii U, mashine yake iliyotangulia, haikufikisha hata milioni 14 duniani kote. Siku iliyofuata hisa za Nintendo ziliteremka katika soko la Tokyo, na zikateremka tena Januari 2017 bei na maelezo mengine yalipotajwa. Wajuzi wakapiga hesabu: chipu ya Tegra iliyokwisha kuwa kuukuu, skrini ya inchi 6.2 isiyofika hata 1080p, betri ya saa mbili na nusu hadi sita. PS4 inaikanyaga, wakasema. Ni kweli, PS4 iliikanyaga, kwenye karatasi. Switch iliingia madukani tarehe 3 Machi 2017 na hadi sasa imeuza zaidi ya milioni 150, ikaiacha PS4 mbali.

Katika filamu ile kulikuwa na kipande kimoja ambacho wachambuzi wa Magharibi walikipita haraka, wakabaki kumcheka dada aliyebeba mashine yake kwenda nayo sherehe ya paa la ghorofa. Vijana wako kando ya uwanja wa mpira wa kikapu. Wanaisimamisha ile skrini, wanachomoa vile vijipedi viwili vya ubavuni, wanagawana na kuanza kucheza NBA. Nilipokiona nikasema, huyu Mjapani amewahi kufika Machakos?

Maana hivyo ndivyo gemu inavyochezwa huku. Ingia banda lolote kati ya yale yaliyojificha nyuma ya maduka ya barabara ya Mwatu wa Ngoma, au yale yanayowavizia wanafunzi karibu na Chuo Kikuu cha Machakos. Mabati, benchi mbili, runinga iliyofungiwa ndani ya kimia cha chuma. Waya wa pedi umezungushiwa selotepu nyeusi mahali palipokatika, na kwenye analogi mpira umeisha, imebaki plastiki inayong'aa kwa jasho la vidole gumba. Ukutani kuna karatasi: mechi shilingi ishirini, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, ukirusha pedi utalipa. Sarafu zinaingia kwenye mkebe wa Blue Band. Wawili wanacheza, saba wanatazama na kufundisha. Mshindi hukaa, aliyefungwa huinuka.

Humo ndani hakuna anayehesabu fremu. PS5 ilitoka Novemba 2020, na mabanda ninayoyajua bado yanakula kwa PS4, mengine kwa PS3 ya ex-UK iliyobandikwa stika ya Arsenal. Mwenye banda si mjinga. Anajua mteja hulipia ushindani na kelele, na kwamba mechi ya shilingi ishirini haitageuka kuwa ya hamsini eti kwa sababu nyasi za Old Trafford sasa zinatikisika kwa upepo. Yeye na Yokoi wamesoma shule moja. Lakini huyo huyo kijana aliyekaa kwenye benchi yake, anayeifurahia PS3 yenye umri wa kuwa mwanafunzi wa sekondari, ndiye atakayekuambia Switch haina nguvu.

Nintendo ilikuuzia mashine ikiwa na vijipedi viwili ndani ya boksi, watu wawili wakaweza kucheza siku hiyo hiyo. Ni vidogo kwa mkono wa mtu mzima, nakubali. Sony inakuuzia PS5 na pedi moja. Kwa watu ambao gemu yao ni mmoja dhidi ya mwenzake, ni nani kati ya hao wawili aliyetengeneza mwanasesere wa kuchezea peke yako chumbani?

Tuje nyumbani, ambako hoja ya "ni ya watoto" inaanguka kifudifudi. Nyumba nyingi za hapa Machakos, za Mutituni, za Kenya Israel, za Katoloni, zina runinga moja, na runinga hiyo ina wenyewe. Saa moja jioni ni habari, Nipashe ya runinga ya Citizen. Habari zikiisha ni tamthilia, na enzi za ile iliyoitwa Maria ungemwomba mama rimoti ungefukuzwa na sufuria. Kisha baba naye anataka taarifa ya Kiingereza. Mwenye PS4 katika nyumba hiyo anamiliki tofali la bei ghali mpaka watu walale, na watu wakilala anaambiwa apunguze sauti, kisha azime kabisa kwa sababu tokeni za stima zinaisha. Wale wa Los Angeles hawalijui tatizo hili, kwa hivyo haliingii katika alama zao kumi kwa kumi. Mashine unayoichomoa kwenye runinga mama anapoketi, ukaendelea na gemu pale pale ulipoachia ukiwa jikoni au kitandani, imelitatua. Na stima ikipotea, kama ilivyopotea nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani, mwenye betri ya saa tatu anakuwa bwana. Huo mnauita utoto?

Najua jibu linalokuja. "Haina FIFA." Gemu hiyo ya mpira bado tunaiita FIFA hata baada ya mtengenezaji wake, EA, kuachana na jina hilo mwaka 2023, na hapo mna nusu ya hoja. FIFA 18 ya Switch ilikuja imepunguzwa, bila injini ya Frostbite iliyokuwa kwenye PS4, bila hadithi ya The Journey. Baadaye EA ikawa inauza timu na jezi mpya juu ya mchezo ule ule wa zamani na kuuita Legacy Edition, bila haya. Basi mkaamua: mnaona, nguvu hakuna. Subirini. Septemba 2023 EA Sports FC 24 ilitoka kwenye Switch ikiwa na Frostbite, kwenye mashine ile ile ya 2017, chipu ile ile mliyoizika. Misuli haikuongezeka hata kidogo katika miaka hiyo sita. Kilichobadilika, naona mimi, ni kwamba kampuni iliona kuna wanunuzi wa kutosha, ikaamua kufanya kazi. Mlimlaumu punda kwa uvivu wa mwenye mkokoteni.

Nisieleweke kwamba nimetumwa na Nintendo. Ukiachana na hiyo hadithi ya nguvu, Switch 2 ina maswali ya kweli, na inaniudhi kwamba hakuna anayeyauliza Machakos kwa sababu wote wanabishana kuhusu 4K. Iliingia sokoni tarehe 5 Juni 2025 kwa dola 449.99. Ukibadilisha tu hizo fedha ilikuwa kama shilingi 58,000, kabla hujalipa usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka. Mario Kart World peke yake ilitoka kwa dola 80, zaidi ya shilingi elfu kumi kwa gemu moja. Watazamaji walifurika kwenye matangazo ya moja kwa moja ya kampuni Aprili mwaka huo wakiandika bila kukoma: shusheni bei. Hata hivyo ziliuzwa milioni tatu na nusu katika siku nne za kwanza, nguvu au bila nguvu.

Kuna baya kuliko bei. Baadhi ya gemu za Switch 2 huuzwa kwa kadi isiyo na gemu ndani. Kadi ni ufunguo tu. Mchezo wenyewe unaupakua kwa intaneti, gigabaiti kwa gigabaiti. Kwa mtu mwenye faiba hilo ni jambo dogo. Kwa mtu anayenunua bando la siku, gemu amenunua mara mbili. Tena duka la mtandaoni la Nintendo halina Kenya katika orodha ya nchi zake, kwa hivyo unafungua akaunti ukijifanya mkazi wa Afrika Kusini au Marekani, kisha unaanza kutafuta kadi ya malipo itakayokubaliwa. Sony nayo imetuacha nje vivyo hivyo, na hilo halijawahi kuwazuia mashabiki wake kuitetea bure.

Halafu kuna analogi. Joy-Con, vile vijipedi vya ubavuni, za Switch ya kwanza ziliugua ugonjwa maarufu: hujaigusa, mchezaji wako anatembea mwenyewe kuelekea kona. Watu walifungua kesi huko Marekani, na mwaka 2020 rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi. Za Switch 2 zimeundwa upya, lakini Nintendo imesema hazitumii ile teknolojia ya sumaku ambayo sehemu zake hazisuguani. Jozi moja mpya huko Marekani inazidi dola 90. Sasa chukua analogi hiyo uiweke kwenye benchi la Mwatu wa Ngoma, kuanzia shule zinapofungwa mpaka zinapofunguliwa. Pedi ya PS4 ikilegea, fundi wa Luthuli huifungua, akabadilisha analogi na kukurudishia ukingali umesimama dirishani pake. Nionyesheni fundi wa kutengeneza Joy-Con 2 na bei yake ya kipuri, hapo ndipo tutabishana kama watu wazima.