Kubana si kuhifadhi: sauti ya shosho haitaishi kwa WhatsApp

Wasee wa Meru na Embu, leo siongei kuhusu simu mpya. Naongea kuhusu faili. Usiondoke kwanza.

Kila Desemba mkienda ushago naona mnachorekodi. Shosho yuko jikoni anaimba wimbo wa mavuno. Guka yuko chini ya mwembe kule Mbeere anaeleza vile kijiji chao kilizungushiwa mtaro na waya. Inapigwa video, inatumwa kwa kikundi cha familia, inawekwa stetasi, saa 24 zikiisha imeenda. Ile halisi inabaki kwa simu ambayo imejaa, na Februari ukitaka nafasi ya kupiga picha za mahafali unaanza kufuta. Wa kwanza kufutwa ni guka, kwa sababu guka ni GB 3.

Msimamo wangu ni huu: WhatsApp si stoo, na zip si dawa ya kila kitu. Tumechanganya vitu viwili, kubana faili na kuhifadhi faili, na hao wazee ndio wanaolipa gharama.

Mbona nina haraka hivi? Fanya hesabu. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 ikaisha 1960. Watu wetu walikuwa ndani kabisa, hadi serikali ya mkoloni ikawa na kifupi chake cha KEM: Kikuyu, Embu, Meru. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1952 sasa amepita 80. Na mnakumbuka ile kesi ya wazee wa Mau Mau kule London? Ni wakati wa hiyo kesi, mwaka 2011, Uingereza ilikubali kwamba ina mafaili ya Kenya iliyobeba wakati wa uhuru, yamewekwa Hanslope Park. Mengine yalichomwa kabla hata hayajasafiri. Kwa hivyo maneno ya mkoloni kuhusu guka yako yalilindwa ng'ambo karibu miaka hamsini, na maneno ya guka mwenyewe yako kwa simu yenye kioo kimepasuka.

Sasa tuingie kwa mambo ya kompyuta.

Kubana kuko kwa aina mbili. Ya kwanza inatupa vitu. Ukituma video kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu inaipunguza ili iende haraka na isimalize bando. Inachotupa hakirudi. Sura ya shosho inakuwa kama imechorwa kwa tope, na ile sauti ndogo ya mwisho wa neno, ambayo ndiyo inakuambia huyu ni mtu wa Tigania na si wa Imenti, inaweza kupotea hapo. Ukituma video hiyo hiyo kama dokumenti inafika ilivyo, hadi GB 2. Hiyo peke yake ni sababu ya kubadilisha tabia leo.

Aina ya pili haitupi chochote. Fikiria kitabu cha nyimbo cha kanisa. Ubeti wa kwanza, halafu kiitikio kizima. Ubeti wa pili, halafu wameandika tu neno "Kiitikio". Hakuna aliyepoteza wimbo. Mwimbaji anajua arudi wapi. gzip inafanya hivyo hivyo: inasoma faili, ikikuta maneno yaliyotokea tayari karibu na hapo nyuma, haiyaandiki tena, inaandika "rudi hatua kadhaa, nakili herufi kadhaa". Halafu inapeana alama fupi kwa vitu vinavyotokea sana na ndefu kwa vile vya nadra. Ukifungua, kila herufi iko mahali pake.

Ndiyo maana maandishi yanabanika vizuri sana. Kama umeketi ukaandika yale shosho alisema, Kimeru upande huu na Kiswahili upande ule, faili kubwa la hivyo linaweza kushuka hadi theluthi au chini. Lakini video ya MP4, picha ya JPEG na wimbo wa MP3 vimeshabanwa tayari na simu yako. Marudio yameshaondolewa. Ukizipitisha kwa zip unachoma betri tu, faili linatoka karibu na ukubwa ule ule, wakati mwingine limeongezeka kidogo. Naona watu saiba pale Embu mjini wanangoja WinRAR dakika ishirini ibane video za harusi, na ile notisi ya siku 40 iko hapo inawatazama. Manze, unangoja nini?

Unachohitaji kwa hizo video ni kufunga, si kubana. Na kufunga watu wa Igembe wanakujua kuliko mtu yeyote. Miraa haitupwi kwa gari kijiti kimoja kimoja. Vijiti vinafungwa vifungo vidogo, vifungo vinakusanywa kuwa bunda, bunda linavishwa majani ya mgomba, ndipo yanaingia gunia na pikapu inaondoka Maua. Hakuna aliyepunguza miraa. Imepangwa tu ili isafiri pamoja na ifike nzima.

Programu inayofanya hivyo kwa faili inaitwa tar. Ilikuja na Unix mwaka 1979, na jina lake linatokana na tepu, kwa sababu enzi hizo nakala zilikuwa zinawekwa kwa tepu. Imekuwako kabla wengi wenu wazazi wenu hawajajuana, na bado inafunguka. Linux iko, Mac iko, Windows 10 iko tangu 2018 (fungua ile skrini nyeusi ya cmd uandike tar utaona), na kama huna kompyuta kabisa, Termux kwa simu ya Android inayo. Ni bure kila mahali.

Amri yenyewe:

tar -cf shosho-2024.tar shosho/

c ni kuunda, f ni "jina la faili linalofuata ni hili". Hapo folda nzima ya shosho, video, sauti, picha, imekuwa bunda moja, bila kubanwa. Ukitaka kuchungulia ndani bila kufungua ni tar -tf shosho-2024.tar. Ukitaka kufungua ni tar -xf. Kwa folda ya maandishi ongeza z, yaani ipitie gzip:

tar -czf maandishi.tar.gz maandishi/

Angalizo moja ambalo silifanyii mzaha. Jina la bunda jipya linatangulia kila mara. Ukiandika tar -cf guka1.mp4 guka2.mp4 ukidhani unafunga zote mbili, tar itaandika juu ya guka1.mp4 na haitakuuliza. Guka wa kwanza ameenda. Skrini nyeusi haina "una uhakika?" ya kila dakika, inakuchukua kama mtu mzima.

Na kwa nini nasisitiza video zisibanwe hata kama nafasi ni ndogo? Flashi huharibika. Baiti chache zikioza katikati ya tar ya kawaida, kwa kawaida unapoteza lile faili moja lililokuwa hapo na mengine yanatoka. Zikioza katikati ya .tar.gz, kila kitu baada ya hapo kinaweza kukataa kufunguka. Kwa maandishi ni sawa, ni madogo, weka nakala tano. Kwa saa sita za guka, hapana.

Sauti ndiyo ina njia ya katikati. Kama ulirekodi kwa WAV, maiki moja, baiti mbili kwa sampuli na sampuli 44,100 kwa sekunde, hiyo ni kama MB 5 kwa dakika, zaidi ya MB 300 kwa saa. Usigeuze iwe MP3 ndiyo ipungue, hiyo ni ile aina ya kutupa. Andika flac -8 guka.wav na utapata guka.flac, mara nyingi karibu nusu ya ukubwa, na hakuna hata sampuli moja imepotea.

Kuna shida nyingine mmekutana nayo bila kujua jina lake. Flashi ni ya GB 32, ina nafasi tele, lakini ukiweka faili la GB 5 inakataa. Hujaibiwa. Flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32, na FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4. Kwa Linux, Mac au Termux, kata:

split -b 2000m shosho-2024.tar shosho-2024.tar.

Hicho kidoti cha mwisho si makosa. Vipande vitatoka na aa, ab, ac mwishoni, na siku ya kuviunganisha ni cat shosho-2024.tar.* > shosho-2024.tar.

Halafu alama ya kidole, ambayo watu huruka. sha256sum shosho-2024.tar > alama.txt inakupa herufi na tarakimu 64. Baiti moja ikibadilika, alama inabadilika kabisa. Baada ya mwaka unaandika sha256sum -c alama.txt na unajua kama bunda bado ni zima, badala ya kugundua siku ya matanga wakati familia nzima inataka kusikia sauti yake. Kwa Windows ni certutil -hashfile shosho-2024.tar SHA256, utalinganisha kwa macho.

Najua mtasema: si Google Drive iko? Iko, GB 15 za bure, na hizo zinagawanywa na barua pepe na picha zako. Ile raha ya Google Photos bila kikomo iliisha Juni 2021. Tena Google ilibadilisha sheria 2023: akaunti isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa na vilivyomo. Hebu kumbuka una akaunti ngapi ulizofungua ukiwa Form Two na huna neno la siri. Drive iwe nakala moja. Isiwe nakala pekee.

Wengine mtasema mausi inatosha, amri ni za wale wa chuo pale Nchiru. Mausi inatosha kwa folda moja. Ukiwa na folda arobaini za wazee arobaini, unataka mistari mitatu unayoweza kuandika mara moja na kumtumia binamu yako Runyenjes, naye apate matokeo yale yale bila wewe kumpigia simu ukimwambia "bonyeza pale juu kulia, hapana, ile ingine".

Jambo moja si la kompyuta. Mzee akisema zima, zima. Kuna mambo ya Njuri Ncheke, ya viapo, ya mashamba na ya nyumba ya nani na nani, ambayo atakuambia wewe kama mjukuu na si kijiji kizima. Muulize kwanza. Akikubali yahifadhiwe lakini yasitembee, funga bunda kwa gpg -c guka.tar, chagua neno la siri refu, na uliandike kwa karatasi aliyonayo mtu wa familia unayemwamini. gpg inaunda faili jipya lililofungwa na kuacha lile la wazi pale pale, kwa hivyo hakikisha lile jipya linafunguka kabla hujafuta la wazi.

Na kabla ya amri zote hizo, weka ndani ya folda faili dogo la maandishi, maelezo.txt. Jina la anayeongea jinsi anavyotaka aitwe. Amezaliwa wapi. Tarehe ya kurekodi. Lugha, na usiandike tu "Kimeru": andika ni Kiigembe, Kitharaka au Kiimenti, na kwa upande wa Embu sema kama ni Kiembu au Kimbeere. Nani alikuwa anauliza maswali. Amekubali nani asikie. Mistari sita, chini ya KB 1. Nimeona flashi yenye saa nyingi za mzee anaongea vizuri sana, na hakuna hata mmoja kwa hiyo nyumba aliyejua ni nani.

Nakala moja ikae kwako, moja kwa Drive, moja kwa flashi nyumbani kwa shangazi. Shangazi wa Maua, si yule mnayekaa naye ploti moja.