Deva, usiamulie simu ya Busia ukiwa Nairobi

Leo niko na madeva, wale wanatutengenezea apu. Kama wewe si deva, usiende, juu hii maneno inahusu simu iko mkononi mwako.

Tembea kwa wauza simu za mitumba hapa Busia mjini ama Malaba. Utapata Android 7, Android 8, Android 10, zimepanguswa kioo zinangoja mteja. Simu za bei ya chini mara nyingi hubaki na Android ileile ziliyotoka nayo kiwandani, au zipate apdeti moja basi. Mwaka 2020 Safaricom na Google walipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo, shilingi 20 kwa siku, watu walichukua simu za aina hiyo. Hazijaharibika. Ziko mfukoni, zinafanya kazi.

Sasa, deva ako na shida ya ukweli, sikatai. Kila Android mpya inakuja na vitu ambavyo ile ya nyuma haina. Kwa mfano, mpangilio wa arifa kwa makundi uliingia na Android 8, ambayo kwa namba za madeva ni API 26. Apu ikiita hicho kitu kwenye Android 7 bila kuangalia, inaanguka. Kwa hivyo lazima ndani ya msimbo kuwe na "kama": kama simu ni mpya fanya hivi, kama ni ya zamani fanya vile.

Swali ni hiyo "kama" inaulizwa wapi.

Njia ya kwanza ni makro. Kwenye C au C++ unaandika `#if __ANDROID_API__ >= 26`, na kompaila inatupa kipande kimoja kabla apu haijatoka kwenye kompyuta yako. Wengi wanadhani hapo wameuliza simu. Hawajauliza kitu. Kwa kawaida hiyo namba ni toleo la chini kabisa ambalo wewe mwenyewe umesema apu yako itakubali. Ukiweka 21, yaani Android 5, hata msee wa Android 14 hatapata kile kitu kipya, juu kilishakatwa. Ukiweka 26, mwenye Android 7 hawezi hata kuiweka apu kwa simu. Vyovyote vile, umeamua kabla ya kuona simu ya mtu.

Njia ya pili ni kuuliza simu ikiwa mkononi mwa mwenyewe. Kwa Java na Kotlin ni `Build.VERSION.SDK_INT`. Kwa C kuna `android_get_device_api_level()`. Hata Apple wametenganisha hizi mbili: `#if os(iOS)` inaamuliwa wakati wa kujenga, `if #available` inaamuliwa simu ikiwaka.

Sisi wa mpakani hii kitu tunaielewa bila digrii. Mzigo wa Uganda ukishuka Mombasa, chini ya mpango wa eneo moja la forodha ulioanza 2014, ushuru unamalizwa kabla lori halijaanza safari ya Malaba. Hiyo ni makro, na kwa lori ni sawa, juu kila mtu anajua limebeba nini na linaenda wapi. Lakini mama anayevuka Busia asubuhi na beseni ya omena huwezi kumkagulia Mombasa. Anakaguliwa palepale kwenye kituo cha pamoja, kile Uhuru na Museveni walifungua Februari 2018. Makro itumie kutenganisha Android na Windows, au aina za prosesa. Toleo la simu ya mtu, uliza ukifika kwake.

Najua jibu lenu. "Simu za zamani si salama." "Kuzijaribu ni gharama." Tuanze na usalama. Ukimfungia mtu mlango, haendi kununua simu mpya kesho. Anatafuta toleo la zamani la apu kwenye tovuti asiyoijua, ama anaazima simu ya jirani na kuweka PIN yake humo. Mpaka ukifungwa, njia za panya hujaa, hii tumeona tangu tukiwa watoto. Kama kuna kitu kimoja ambacho si salama kwenye Android 7, funga hicho kimoja na umwambie mtu kwa nini. Usifunge apu nzima.

Gharama nayo? Nunua simu moja ya mitumba, iweke mezani, jaribu apu kabla ya kuitoa. Na maswali mengi ya matoleo Google tayari wamekuulizia ndani ya maktaba za AndroidX. Kazi nusu imeisha.

Angalia WhatsApp. Novemba 2021 waliacha Android 4.0.4 kurudi chini, na hiyo Android 4.0 ilitoka 2011. Miaka kumi! Watu wenye mzigo wa dunia nzima walivumilia miaka kumi, halafu apu ya kuuza tiketi za basi inakataa simu ya miaka mitano. Haraka ya nini, bana?

Si ati nasema mbebe kila simu milele. Nasema kabla hujapandisha ile namba ya chini, angalia ni watu wangapi wanabaki nje, na uulize kama ni teknolojia imekulazimu ama ni uvivu wa kuandika "kama" moja zaidi. Kwako ni mistari minne ya msimbo. Kwa msee wa boda pale Mundika, ni kazi ya siku nzima imepotea.

Wewe simu yako ni Android ngapi, na ni apu gani imeikataa? Niandikie hapo chini, na umtag deva mmoja unayemjua.