Mama Anayechuma Parachichi Alipwe kwa Wakati

Wakulima wengi wa parachichi katika Murang'a na Kiambu hujua sana habari za mbolea na dawa ya wadudu. Lakini ni wachache wanaofikiri juu ya akina mama wanaokuja wakati wa mavuno kuchuma, kuchagua na kupanga matunda katika kreti. Yafaa tulifikiri jambo hili, maana fedha zetu zimo mikononi mwao.

Parachichi halitikiswi mtini likaanguka. Hukatwa kwa mkasi, kikonyo kifupi kikiachwa, kisha huwekwa polepole. Likiangushwa, ubaya hauonekani siku ile; huonekana likiiva, nalo limekwisha kufika ng'ambo. Tangu mwaka 2022 Kenya hupeleka maparachichi mabichi hata Uchina, na mnunuzi wa mbali hataki tunda lililopondeka. Basi mama mwenye mkono mwangalifu ni mali.

Hata hivyo, katika mashamba mengine kibarua haandikwi jina, kreti zake hazihesabiwi mbele yake, na jioni huambiwa, "Rudi wiki ijayo, mnunuzi hajalipa." Mwenye shamba aweza kumngoja mnunuzi, lakini watoto wa yule mama hawawezi kungoja chakula.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema wazi. Kibarua wa siku alipwe mwisho wa siku. Kazi ya thamani moja ilipwe sawa, akiifanya mwanamume au mwanamke. Na kibarua akifanya kazi mfululizo hata siku zake zikatimia mwezi mmoja, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi. Mavuno makubwa huchukua miezi kadhaa, kwa hiyo jambo hili lawahusu wengi wetu.

Wengine watasema, "Faida ni ndogo, tutalipaje?" Nami nasema, hasara ya kutolipa ni kubwa zaidi. Mama aliyedhulumiwa mwaka huu atakwenda kwa jirani mwaka ujao, na wewe utamfundisha mgeni kazi kwa kuharibu matunda yako.

Shauri langu ni hili. Weka akiba ya mshahara kabla ya mavuno, kama uwekavyo ya mbolea. Nunua daftari, na kila jioni andika jina, kreti na shilingi, mama mwenyewe akiona. Fanyeni hivyo msimu huu, na msimu ujao hamtatafuta wachumaji, watakuja wenyewe.